Kupika Chapati na Mwanao: Mwongozo wa Alasiri Moja

Maswali ya wazazi wanaotaka kuingia jikoni na watoto ni yaleyale. Aanze na umri gani? Nimpe kazi gani asiharibu chakula? Na moto je? Hesabu nitaipenyezaje bila kugeuza Jumapili kuwa shule? Majibu yamo humu, na yote yamefungwa kwenye chakula kimoja: chapati za kusukuma.

Chapati zina sifa mbili zinazomfaa mtoto. Kwanza, unga unasamehe. Ukizidisha maji unaongeza unga, donge likiharibika unalifinyanga upya. Pili, zina muda wa kusubiri, na muda huo ndio utakaowapa nafasi ya kuongea.

Kubali jambo moja kabla hujawasha jiko. Mtoto apewe kazi ya kweli, na chapati yake iliwe mezani pamoja na nyingine hata kama ina sura ya ramani. Kumkatia kipande cha unga akachezee pembeni ili asikusumbue ni kumwondoa njiani tu, na watoto wanajua.

Umri na kazi zake

Miaka 3 hadi 4: kumimina kikombe ulichokwisha kumjazia, kukanda kipande kidogo, kuhesabu madonge. Ukipata dakika 15 za utulivu, shukuru.

Miaka 5 hadi 7: kupima, kukanda kwa zamu, kugawa unga, kusukuma chapati yake mwenyewe. Huu ndio umri mtamu zaidi kwa kazi hii.

Miaka 8 hadi 10: yote hayo, pamoja na kupaka mafuta na kugeuza chapati juu ya jiko ukiwa umesimama ubavuni pake. Kumwacha peke yake na moto, hapana.

Watoto wawili kwa wakati mmoja inawezekana. Watatu ni mkutano. Wagawe, wengine wangoje Jumapili ijayo.

Vitu vya kuandaa

Kwa chapati 8 za ukubwa wa kawaida:

- Unga wa ngano mweupe nusu kilo. Usipokuwa na mizani, ni kama vikombe 4 vya mililita 250, vilivyosawazishwa juu kwa mgongo wa kisu. Ukinunua pakiti ya kilo 2, nusu kilo ni robo ya pakiti. Mwambie hivyo mwanao, litakufaa baadaye.
- Unga mwingine nusu kikombe, wa kunyunyizia.
- Maji ya uvuguvugu kikombe 1 na robo, na mengine kidogo ya akiba.
- Chumvi kijiko 1 cha chai. Sukari kijiko 1 cha chai ukipenda. Husaidia chapati kupata rangi.
- Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula kwa ajili ya unga, na kikombe nusu kwa kupaka na kuchoma. Mengine yatabaki.
- Beseni pana, kibao na mti wa kusukumia. Mti ukikosekana, chupa ya soda iliyooshwa na kukaushwa inatosha. Kwa viganja vya mtoto, chupa nyembamba ni rahisi kuliko mti mnene.
- Tawa au kikaango kizito cha chini bapa, na mwiko bapa wa kugeuzia.
- Kitambaa safi, kigoda imara, hotipoti, saa ya mishale, karatasi na kalamu.

Kigoda usikidharau. Mtoto akisukuma unga kwenye meza iliyomfika kifuani hana nguvu mikononi, anachoka haraka, halafu anaambiwa mvivu. Meza imfike kiunoni. Isipowezekana, tandikeni mkeka na kufanya kazi chini, kibao kikiwa mbele yake.

Muda: tenga saa mbili na nusu. Kama mnakula saa 1 usiku, anzeni saa 10 alasiri, si baadaye. Sababu ya kawaida ya zoezi hili kuishia kwa machozi ni kuanza saa 12 jioni, njaa imeshaingia na kila mtu ana haraka. Mpe mtoto ndizi au uji kwanza, na simu yako iende chumba kingine.

Hatua kwa hatua

1. Kunawa, kufunga, kuchora mstari. Mikono kwa sabuni hadi viwiko. Nywele ndefu zifungwe, mikono ya shati ikunjwe, kanga au khanzu inayoning'inia ivuliwe. Halafu chora mstari wa chaki sakafuni, au bandika utepe, hatua mbili kubwa kutoka kwenye jiko. Mweleze sheria sasa, kabla moto haujawaka: jiko likiwa na moto, mstari hauvukwi mpaka uitwe kwa jina. Sheria moja inayoonekana inashikwa vizuri kuliko "angalia!" ishirini.

Kama ni jiko la mkaa, pikia nje au milango na madirisha yawe wazi. Moshi wa mkaa una sumu isiyo na harufu.

2. Kukisia. Mwonyeshe unga ndani ya beseni na muulize: "Hapa tutapata chapati ngapi?" Aandike namba yake kwenye karatasi, nawe uandike yako. Asiyejua kuandika achore vijiti. Usimwambie jibu wala usicheke akisema mia. Karatasi itarudi baadaye.

3. Kupima. Yeye ndiye anayejaza kikombe na kukisawazisha, wewe unashika beseni tu. Ahesabu kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Sikiliza hapo, maana kikombe ni "kimoja", chapati ni "moja", mtu ni "mmoja". Akikosea, usimkatize; rudia kwa usahihi ndani ya sentensi yako ("Sawa, vikombe viwili vimeshaingia") na kazi iendelee.

Ongeza chumvi na sukari, changanya kwa mkono mkavu. Kisha mafuta vijiko 2, na ayasugue kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama mchanga uliolowa kidogo. Hatua hii watoto wengi wanaipenda kupita zote, kwa hiyo usimharakishe.

Maji ya uvuguvugu yanapimwa kwa ndani ya kifundo cha mkono: yasiwe ya baridi, yasichome. Pima kwako kwanza, kisha umdondoshee tone yeye.

4. Kumimina maji. Kikombe 1 na robo hakimwagwi chote. Anza na kikombe 1, mimina kwa mafungu matatu, mkichanganya kila fungu. Ile robo iingie kijiko kwa kijiko. Unga hautofautiani kwa jina tu. Ule wa atta (wa ngano isiyokobolewa) hunywa maji mengi kuliko mweupe, na mpishi anayefuata kikombe bila kutazama beseni huishia na uji.

5. Kukanda kwa zamu. Dakika 10 kwa jumla. Mwonyeshe mara moja: sukuma mbele kwa kisigino cha kiganja, kunja nyuma, zungusha, sukuma tena. Kisha mpe zamu ya misukumo 20, wewe uchukue 50, yeye 20 tena. Anayehesabu ni yule asiyekanda. Mdogo ahesabu moja hadi ishirini, mwenye miaka 7 arudi nyuma kutoka ishirini, mwenye miaka 9 ahesabu kwa mbilimbili au tatutatu. Akipotea njiani anaanza pale alipokumbuka, si mwanzo.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu. Unaona mtoto anapapasa unga badala ya kuukanda, mkono unakuwasha, unauchukua "nikusaidie kidogo", na haumrudii tena. Subiri zamu yako. Misukumo yako 50 inatosha kurekebisha ya kwake yote.

Unga umeiva kukandwa ukiubonyeza kwa kidole na tundu likarudi taratibu. Kipimo kingine ni cha kushika: abane ncha ya sikio lake, kisha abane unga. Vikifanana kwa ulaini, tosha.

Asionje unga mbichi. Ngano ya unga haijapikwa, na inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

6. Kupumzisha unga dakika 30. Upake mafuta kidogo juu, funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Unga uliotoka kukandwa umekaza. Ukiusukuma sasa utajivuta kurudi ulikotoka. Nadharia yenyewe ni hiyo tu.

Mpe mtoto saa ya mishale ailinde. Anza mshale mrefu ukiwa juu kabisa kwenye 12, mwambie utafunua ukifika chini kabisa kwenye 6. Kwa siku ya kwanza achana na mshale mfupi. Mshale mfupi unasomwa kivyake kwa Kiswahili na kivyake kwa Kiingereza cha shuleni, na mtoto anayejifunza vyote viwili kwa pamoja huchanganyikiwa. Mrefu unasomwa namna moja kote.

Sasa mna nusu saa. Osheni vikombe, dakika 5. Zilizobaki ni za vitendawili, na kwa mtindo wake kamili:

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Kila niendapo ananifuata."

Akishindwa, unadai: "Nipe mji." Anakupa: "Nimekupa Tanga." Unauchukua: "Tanga nimekwenda, watu wa Tanga wamenipokea vizuri, nikala, nikanywa, nikarudi. Jibu ni kivuli." Kisha zamu yake ya kukutega. Weka sharti moja: mji ukishatolewa leo hautolewi tena. Baada ya raundi kumi mtoto ameanza kuitafuta miji kichwani, Kigoma, Lamu, Bukoba, Kisumu, na siku nyingine atakuuliza Lamu iko wapi. Mfungulie ramani siku hiyo.

Vya kuanzia: "Nyumba yangu haina mlango" (yai). "Kuku wangu katagia miibani" (nanasi). "Popo mbili zavuka mto" (macho). Vikiisha, mtunge vya jikoni. Atatega kitendawili kibovu ambacho jibu lake liko mbele yenu. Kaa kimya kidogo, jifanye unafikiri, mpe mji. Mtoto kumshinda mzazi wake mara mbili alasiri moja si hasara kwa yeyote.

Wa miaka 3 na 4 hawawezi vitendawili. Wao wape hadithi, "Paukwa!" "Pakawa!", fupi, yenye mnyama na sauti za kuigiza.

7. Kugawa: nusu, robo, thumuni. Hii ndiyo hatua yenye elimu nyingi kuliko zote, usiimalize mbio. Finyangeni unga uwe kama gogo fupi. Mtoto akate katikati kwa kisu butu cha mezani. Muulize vipande vinalingana? Aviweke kimoja kila kiganja apime kwa uzito, si kwa macho tu. Hizo ni nusu mbili. Kila nusu ikatwe tena: robo nne. Kila robo ikatwe: thumuni nane. Thumuni ni sehemu moja ya nane, na ndilo neno hilohilo wazee walilolitumia kwa sarafu ya senti 50, wengine wakiitamka sumuni. Kama bado kuna babu au bibi nyumbani, mtume mtoto akamuulize ilinunua nini.

Kwa nini kukata kwa nusunusu badala ya kumega nane moja kwa moja? Kwa sababu mkono wa mtoto, na wa watu wazima wengi pia, unaweza kupata katikati ya kitu lakini hauwezi kukisia sehemu ya nane. Madonge yatalingana, chapati zitaiva kwa muda mmoja, naye ameona kwa macho kwamba thumuni mbili zinarudi kuwa robo. Mwache azirudishe, azikate tena.

Kukiwa na watoto wawili na kelele za "lake kubwa", tumia sheria ya zamani: mmoja agawe, mwingine achague kwanza. Mgawaji atakuwa makini kupita fundi wa dhahabu.

Rudini kwenye karatasi ya makisio. Nani alikaribia?

8. Kusukuma mara ya kwanza na kukunja. Nyunyiza unga kidogo kwenye kibao. Sukuma donge mpaka liwe bapa kama sahani ndogo ya kikombe cha chai, paka mafuta kijiko kimoja cha chai, kisha kunja. Mdogo aviringishe kama mkeka, halafu akunje mviringo huo kama konokono na kuufichia mkia chini. Mkubwa ajaribu mtindo wa koni: chora kwa kisu mstari mmoja kutoka katikati hadi ukingoni, shika ncha moja ya mstari, zungusha mpaka ipatikane koni, simamisha na kuibonyeza. Mafuta yaliyofungiwa ndani ndiyo yanayotenga tabaka. Asiyepaka anapata chapati ya gome.

Zipumzishe tena dakika 10. Wakati huo mabaki kidogo ya unga yatumike kuandika: aviringishe kamba nyembamba, atengeneze herufi ya kwanza ya jina lake. Anayeanza kusoma na kuchanganya *b* na *d* azifanye zote mbili, azishike, azigeuze. Herufi hizo nazo huchomwa na huliwa.

9. Kusukuma mara ya pili. Kutoka katikati kwenda nje, geuza chapati robo mzunguko, sukuma tena. Robo inajirudia hapa, itaje. Kipimo ni shibiri moja ya mtu mzima, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, vidole vikiwa vimetanuliwa. Mtoto apime kwa shibiri yake, itamfika moja na kitu. Hapo atauliza mwenyewe kwa nini chapati hiyohiyo ina shibiri moja kwako na zaidi ya moja kwake. Mrudishie swali, na baada ya majibu yake mpe rula.

Chapati ya kwanza kabisa ya mtoto itakuwa na pembe, na pengine tundu. Usiinyooshe nyuma ya mgongo wake.

10. Kuchoma. Sasa mstari wa chaki unafanya kazi. Tawa ipate moto wa wastani. Tone la maji likidondoshwa licheze na kukauka mara moja. Weka chapati kavu, bila mafuta. Mtoto, nyuma ya mstari, ahesabu hadi 30 polepole. Vikitokea vipovu, geuza. Hesabu nyingine 30, paka mafuta kijiko cha chai juu, geuza, paka upande wa pili, bonyeza kingo kwa mwiko na kugeuza mpaka madoa ya kahawia yatokee pande zote mbili. Kwa moto mzuri chapati moja haizidi dakika 3.

Wa miaka 8 na kuendelea mwite kwa jina avuke mstari, apake mafuta kwa kijiko chenye mpini mrefu wewe ukiwa umeshika tawa. Kijiko kiwe kikavu: maji yakikutana na mafuta ya moto yanarusha. Mpini wa kikaango uelekee ukutani, kamwe usitokeze nje ya jiko.

Akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta, si yai. Kama jeraha limepata uso, kiganja au kiungo, au lengelenge ni kubwa kuliko sarafu, mpeleke kituo cha afya.

11. Kupanga na kugawa mezani. Chapati zipangwe kwenye hotipoti au zifungwe kitambaa, moja juu ya nyingine. Mvuke ndio unaozilainisha. Kisha mpe mtoto tatizo la kweli: chapati ni 8, nyumbani tuko 5. Kila mmoja apate ngapi? Usimsaidie haraka. Wengi watagawa mojamoja, wabaki na tatu mkononi wakizitazama. Baadhi watakata hizo tatu nusunusu na kupata vipande sita, kila mtu kimoja, na nusu moja imebaki. Nusu hiyo ni ya nani? Ya mgeni, ya mpishi, ya mdogo, ya kesho asubuhi: aamue yeye, aitetee.

Mwishoni aandike vipimo kwa mkono wake kwenye karatasi ileile: vikombe 4, chumvi kijiko 1, maji 1 na robo. Ibandikeni kabatini. Safari ijayo yeye ndiye atakayeisoma, wewe utafuata.

Kwa mnaolea ughaibuni

Ukiishi Muscat, London au Minneapolis na mwanao anakuelewa kwa Kiswahili lakini anakujibu kwa lugha ya shuleni, jiko hili ni dawa nzuri kwa sababu limejaa vitenzi: pima, mimina, kanda, kunja, sukuma, paka, geuza, panga. Usimdai sentensi. Muulize kwa kumpa mawili achague, "Nikunje au nikate?", ili neno analohitaji liwe limeshatamkwa mbele yake. Akishazoea, geuzeni kibao: yeye awe bosi, wewe ni mashine inayoelewa Kiswahili tu na inayofuata amri neno kwa neno. Akisema "weka mafuta" bila kusema wapi, yaweke kiganjani mwako. Atacheka, kisha atasema "juu ya chapati". Vihusishi vya mahali vitatoka kwa njia hiyo.

Makosa yanayojirudia

Kuuliza maswali kama mtahini. Kila kikombe "hiki ni kingapi?", kila rangi "hii rangi gani?", ndani ya dakika kumi mtoto ameshasikia harufu ya darasa. Maswali mazuri ni yale ambayo hata wewe hujui jibu lake bado.

Kusifia kila kitu. "Hodari, hodari, hodari" inapoteza thamani. Sema ulichokiona: "Hii umeizungusha kila mara, ndiyo maana imekuwa duara."

Kurekebisha kazi yake wageni wakifika. Hili linaumiza kuliko kugombezwa.

Kumpa usafi wote kama adhabu ya kupika. Gawaneni: yeye afute kibao, wewe uoshe beseni.

Mambo yakienda kombo

*Unga unanata mikononi.* Maji yamezidi. Ongeza unga kijiko kimoja cha chakula kwa wakati mmoja, kanda dakika 2, ndipo uamue kuongeza tena. Mtoto apake mafuta viganjani.

*Unga mgumu, unapasuka kingo.* Msilowanishe juu kwa juu. Lowesha viganja, kanda, rudia, kisha upumzisheni dakika 15 zaidi.

*Chapati inajivuta kila ikisukumwa.* Haijapumzika. Ifunike, chukua nyingine.

*Zimekuwa ngumu kama ngozi ya ngoma.* Moto ulikuwa mdogo zikakaukia kwenye tawa, au ziliachwa wazi baada ya kuchomwa, au unga wa kunyunyizia ulizidi. La mwisho ndilo la watoto. Mpe unga huo kwenye kisosi kidogo badala ya pakiti.

*Moshi umejaa.* Unga uliodondoka kwenye tawa unaungua. Ifute kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa kila baada ya chapati mbili. Kazi ya mtu mzima.

*Mtoto kachoka katikati.* Usimlazimishe wala usimwite mvivu. Mwachie chapati yake moja ya kusukuma atakaporudi, uendelee. Wengi hurudi harufu ikitoka.

*Hataki kushika unga.* Wapo watoto wasiopenda kunata. Mpe kijiko, kuhesabu, kulinda saa, kupanga. Baada ya mara mbili tatu atagusa kwa kidole kimoja.

*Kamwaga unga wote sakafuni.* Uliomwagika chini haupikwi. Mpe ufagio mdogo, shika wewe kizoleo, pimeni upya. Nusu kilo nyingine inapatikana dukani. Ndiyo maana tumeanza saa 10.

*Wamegombana juu ya mti wa kusukumia.* Mmoja mti, mwingine chupa, wabadilishane kila baada ya chapati moja. Mwenye zamu asihesabiwe sekunde.

*Muda umeisha, madonge yamebaki.* Yapake mafuta, yafungie kwenye bakuli lenye kifuniko na kuweka kwenye friji. Kesho yake yatoe saa moja kabla ya kusukuma. Bila friji, chomeni zote usiku huohuo hata kama mtoto ameshalala, ila donge lake liache mpaka mwisho na ulichome kwa sura aliyoliachia.